Nani Alichimba Kisima cha Chovae

Kila asubuhi, kabla hata sijaweka birika motoni, nilikuwa nachukua simu na kutafuta mtandaoni neno moja tu: Chovae, kisiwa chetu. Na kila asubuhi wa kwanza kutokea alikuwa Rawda. Tovuti yake, picha yake na ile shela yake ya zambarau, jina lake kwa herufi kubwa. Mimi nilikuwa wa tisa, chini ya tangazo la hoteli ambayo haiko hata nchi hii.

Nawaambia ukweli, maana nimeshaaibika vya kutosha na sina cha kuficha: nilikuwa na wivu. Tena si ule wivu mdogo wa kusema mashaallah huku unabinua mdomo. Wivu wa kukosa usingizi, wivu wa chai kunipoa mkononi.

Rawda ni binti ami yangu. Babake, ami Mbaraka, na babangu, Hussni, ni wa tumbo moja, wana wa Bibi Mwanapili wa Chovae. Vita vilipoanza, Rawda alikuwa na miaka miwili. Akabebwa mpaka Mombasa, na huko ndiko alikokulia. Chovae anaijua kwa kuhadithiwa. Sisi pia tulikimbia, lakini sisi tulirudi. Mimi Shamsa nimechota maji Chovae, nimepaa samaki Chovae, nimezika wazazi wangu Chovae. Na Bibi Mwanapili alipozidiwa na uzee nilimleta huku Kismayu nikamuuguza miaka tisa. Nikamwosha, nikamlisha, nikamgeuza ubavu. Rawda yeye akaja wiki mbili. Wiki mbili, jamani! Akajikalia kitandani kwa Bibi na simu yake, "Bibi nihadithie hiki, Bibi nihadithie kile," mimi niko jikoni nawapikia wote wawili. Akarekodi, akaaga, akarudi Mombasa. Miezi mitatu haikupita Bibi akafariki, na Rawda akafungua tovuti ya Chovae na sauti ya Bibi ndani yake.

Basi ikawa Rawda, Rawda. Mbajuni wa Mombasa anayetafuta ukoo wake anampigia Rawda. Mbajuni wa Ulaya anayetaka kujua nyumba ya babu yake ilikuwa upande gani wa msikiti anampigia Rawda. Siku moja jirani yangu hapa Kismayu, mtu aliyezaliwa Chovae, aliulizwa jambo mbele yangu akajibu, "Ngoja nimuulize Rawda." Mimi nimekaa pale pale, nimeshika kikombe chake cha kahawa! Nilikiweka chini nikaenda zangu.

Lakini aliyenimaliza ni Ilyas. Ilyas ni ndugu yangu wa mwisho, nimemlea mgongoni mwangu, kazaliwa Chovae na kukulia Chovae. Miaka minne iliyopita aliondoka, akapita alikopita, akafika nchi moja ya baridi huko Ulaya akaomba hifadhi. Wakamweka kwenye nyumba ya wakimbizi, angoje siku ya kuhojiwa. Wakimkubali, atafanya kazi, ataoa, ataishi kama watu. Wakimkataa, watamfukuza. Kila Ijumaa alikuwa ananipigia. Ijumaa moja akaniambia, "Da Shamsa, jana nimesikiliza sauti ya Bibi kwenye tovuti ya Rawda. Nimelia mpaka mwenzangu wa chumbani kaamka." Nikamwambia, "Eee, vizuri." Nilipokata simu nililia na mimi, lakini si kwa ajili ya Bibi.

Wiki ile ile nikaenda kwa Khairat.

Khairat tulikuwa pamoja kambini Kenya tukiwa watoto. Siku hizi ana duka la simu karibu na soko la samaki, na wafanyabiashara wakitaka tovuti ni yeye anayewatengenezea. Mwanamke mpole, hana haraka, kila saa ana karafuu mdomoni. Alikuwa ameshanitengenezea tovuti yangu mwaka mmoja nyuma, nimeweka picha na maneno, basi, imekaa tu. Nilipofika nilikuwa nimeshachangamka, kwa sababu asubuhi ile nilijiona wa nne.

"Wa nne?" akasema Khairat. Akachukua simu yake, akaandika. Akateremka, akateremka, akageuza ukurasa. "Wewe hapa. Wa kumi na sita."

"Yangu inasema wa nne!"

"Simu yako inakujua, mwenzangu. Kila siku unafungua tovuti yako mwenyewe, inadhani ndicho unachokipenda. Inakubembeleza tu."

Nikataka kumkosea adabu, nikajizuia. Nikamuuliza nifanye nini ili niwe wa kwanza kwa kila mtu, hata kwa asiyenijua. Akanifundisha. Wallahi nilisoma kwa bidii kuliko nilivyosoma madrasa. Kwanza, picha zangu nzito, ukurasa unachelewa kufunguka, watu wanachoka wanakwenda kwa mwingine, akazipunguza zote. Pili, vichwa vyangu vya habari ni vya mapambo tu. "Umeandika 'Kisiwa cha Roho Yangu.' Nani anatafuta roho yako? Andika kile ambacho mtu anauliza." Tatu, tovuti nyingine ziwe zinanitaja na kuweka linki yangu, kwa sababu Google ikiona wengi wanakutaja inakuona wa maana. Hilo nalo nikalifanya. Niliwaomba watu mpaka wakanichoka: timu ya mpira ya Wabajuni wa Mombasa, mpiga picha za harusi, chama cha akina mama kule Ulaya. Aliyekataa nilimnunia.

Nikapanda kweli. Wa tisa, wa sita, wa tatu. Wa pili. Hapo pa pili nikagota miezi miwili, mbele yangu shela ya zambarau.

"Kuna kitu watu wanatafuta sana," Khairat akaniambia siku moja, akinionyesha orodha kwenye kompyuta yake. "Ona. Visima vya Chovae. Nani alichimba kisima cha Chovae. Misikiti ya Chovae mingapi. Wengi wanauliza kwa Kiingereza, wanatoka miji ya baridi."

Hapo ndipo ningepaswa kusimama. Mtu wa miji ya baridi, kisima cha Chovae kinamhusu nini? Khairat hakuuliza, na mimi sikuuliza, kwa sababu mimi nilikuwa nishafungua ukurasa wa Rawda kuangalia yeye kasema nini kuhusu visima. Alikuwa na mstari mmoja tu, katikati ya maneno mengine, kwa Kiswahili: "Kisima cha maji matamu kilichimbwa na babangu Mbaraka bin Fadhil."

Mstari ule uliniingia kwa sababu ni kweli. Ami Mbaraka na babangu walichimba mwaka mmoja, kila mmoja mahali pake. Kwetu mwenye kuchimba kisima jina lake hubaki kwenye kisima, hata akifa watu wanasema, "Nakwenda kwa Mbaraka," mtu anakwenda kuchota maji. Ami Mbaraka alipata maji matamu. Babangu alipata chumvi. Maji yake watu walikuwa wanaoshea nyavu, kisha kikafukiwa. Nimekua nikisikia kicheko kile. Hata siku maiti ya babangu imelazwa nyumbani, wapo waliosema kamwosheni kwa maji ya Mbaraka.

Basi nikaandika. Kichwa nilikiweka kama alivyonifundisha Khairat: Nani Alichimba Kisima cha Chovae? Na jibu juu kabisa, fupi, linaloeleweka: Kisima cha maji matamu cha Chovae kilichimbwa na Hussni bin Fadhil. Chini nikaeleza kwa kirefu jinsi alivyochimba siku ishirini peke yake, jinsi maji yalivyotoka na wanawake wakapiga vigelegele. Nilikuwa naandika huku machozi yananitoka, nikaona kama ndivyo ilivyokuwa.

Khairat akausoma. "Ni kweli hii?"

"Babangu mimi nisimjue?"

Akatafuna karafuu yake. Akautafsiri kwa Kiingereza, akauweka.

Siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili asubuhi nikaandika "kisima cha Chovae" kwenye simu ya Khairat, si yangu, nikajikuta juu kabisa. Si wa kwanza tu: jibu langu lilikuwa limewekwa kwenye kisanduku peke yake, juu ya watu wote, jina la babangu kwa wino mzito. Rawda alikuwa chini. Na kwa neno Chovae lenyewe, nikampita pia. Nilipiga kigelegele dukani pale, mwenye kununua vocha akaniuliza nani kazaa. Nilinunua halwa nikagawa mtaa mzima. Wiki zilizofuata tovuti nyingine mbili zikanakili maneno yangu, Hussni bin Fadhil, Hussni bin Fadhil, na mimi kila asubuhi nikawa nakunywa chai yangu ya moto.

Ijumaa moja Ilyas akaniambia ameitwa kuhojiwa Jumanne. "Wanauliza mambo ya kisiwani, dada. Wanataka kujua kama mtu ni Mbajuni kweli au anajisingizia."

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Wewe Chovae umezaliwa. Sema unachokijua." Na nikamuuliza, Mungu anisamehe, kama ameona sasa ukitafuta Chovae nani anatokea wa kwanza.

Majibu yalitoka baada ya mwezi, na mwezi huo wote Ilyas hakutaka kuzungumzia mahojiano. Hakungoja Ijumaa.

"Da Shamsa, wamenikataa."

"Wamekukataa kwa nini?"

Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayesoma. "Waliniuliza kisima cha maji ya kunywa alichimba nani. Nikasema ami yangu Mbaraka. Wakaniuliza jina la babangu. Nikasema Hussni bin Fadhil. Wakanitolea karatasi wameichapa kutoka mtandaoni. Kisima kimechimbwa na Hussni bin Fadhil. Wakasema, mtu gani hajui kisima cha babake mwenyewe? Wakasema mimi si mtoto wa Hussni, nimeokota jina tu, na Chovae siijui."

Nikakaa chini, simu sikioni.

"Nikawaambia tovuti hiyo ni ya dadangu. Unajua wameandika nini kwenye barua? Hata huyo anayemwita dadake hakubaliani naye." "Kwa nini, dada? Wewe si unajua kama mimi?"

Ningemwambia nini, nilitaka kumpita Rawda? Nilisema tu, "Nitarekebisha," nikakimbia dukani kwa Khairat na ushungi umeniangukia begani, na saa ile ile tukabadilisha ukurasa: kisima kilichimbwa na Mbaraka.

Nikaharibu zaidi. Wakili wa Ilyas, mwanamke wa huko huko, aliponisikiliza kupitia mkalimani alishusha pumzi ndefu. Akasema wale wana nakala ya zamani yenye tarehe. Sasa ukurasa umebadilika siku ile ile aliyokataliwa, kila mtu ataona umebadilishwa kumwokoa. Nikasema nitaapa, nitaandika barua kwamba nilisema uwongo. Akasema barua ya dada ni barua ya dada. Kwenye rufaa wanataka kitu cha zamani, kilichokuwepo kabla Ilyas hajaondoka, kinachosema kisima ni cha nani. "Kipo kitu kama hicho?"

Kilikuwepo. Nilikuwa nakichukia miaka sita.

Nilimpigia Rawda mchana wa jua kali, nimejifungia chumbani kwangu. Miaka mitatu sijampigia, hata mkono wa Idi nilikuwa nautuma kwenye kundi la ukoo ili nisimtaje jina.

"Da Shamsa! Leo nimekumbukwa!" Wala hakusema kwa kejeli, kafurahi kikweli, na hilo lilinichoma kuliko angenitukana. Nikamwambia yote. Nilitaka kupunguza, nikashindwa, nikajikuta nasema mpaka halwa niliyogawa. Aliniacha nimalize.

"Ule ukurasa niliuona siku ulipouweka," akasema.

"Uliuona? Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Ami Hussni alivyochekwa najua hata mimi niliyekulia Mombasa. Nikasema wacha apate kisima. Sikujua kama kuna mtu atahukumiwa kwa kisima hicho." Kisha akasema, "Una bahati umenipigia leo. Tovuti nilikuwa niifunge mwisho wa mwezi huu. Siku hizi haingii mtu."

Nilijua kwa nini haingii mtu. Nilikuwa nimefanya kazi mwaka mzima ili asiingie mtu.

Akanitumia linki ya ile sauti ya Bibi ili nihakikishe kama kisima kimetajwa. Je, mnaniamini nikiwaambia sikuwa nimewahi kuisikiliza? Miaka sita nimefungua ukurasa ule kila siku kuangalia umesimama wa ngapi, na sijawahi kubonyeza sauti ya bibi yangu. Nikabonyeza.

Alikuwa yeye, na kifua chake kile kinachokoroma na Kibajuni chake. Rawda anamuuliza, Bibi, kisima cha maji matamu alichimba nani? "Mbaraka," Bibi anasema. "Na Hussni naye kachimba chake. Hussni ni mchu wa haraka. Mwenziwe kauliza wazee maji yako wapi, yeye kaona kuuliza ni kushindwa. Kapata chumvi. Kalia siku mbili mwanangu, sikupata la kumwambia." Halafu kwa mbali, kutoka jikoni, sauti kali: "Bibi, maneno mengi, uji unapoa!"

Ni mimi. Nilijisikia ninavyopiga kelele, nikaona haya peke yangu chumbani.

Chini ya sauti kulikuwa na maandishi madogo ya Rawda, ya siku ile ile tovuti ilipofunguliwa: "Sauti ya pili ni ya dada yangu Shamsa binti Hussni. Mimi nimemrekodi Bibi wiki mbili. Yeye amemlea miaka tisa. Kila lililo sahihi humu nimelithibitisha kwake."

Na ni kweli, alikuwa ananiuliza. Kila jioni anakuja jikoni, "Da Shamsa, eti Bibi amesema hivi, ni sawa?" na mimi namjibu bila kumtazama. Nilidhani ananisumbua.

Wakili alifurahi sana. Tarehe ilikuwepo, ya miaka miwili kabla Ilyas hajapanda chombo. Jina la Mbaraka lilikuwepo, jina la Hussni lilikuwepo, na hata chumvi. Mkalimani akaandika yote, mpaka uji wangu. Rawda hakuifunga tovuti.

Nami nikarudi kwa Khairat nikamwambia kuna kazi nataka. Mtu yeyote atakayetafuta kisima cha Chovae, akibonyeza kwangu, asifike kwangu. Apelekwe kwa Rawda moja kwa moja.

"Ukurasa wote?" akauliza.

"Tovuti yote. Na wale niliowaomba linki, nitawaomba wabadilishe waweke ya Rawda."

"Unajua utapotea kabisa? Nguvu yako yote inahamia kwake."

"Fanya, Khairat, kabla sijabadili mawazo."

Akafanya. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Baada ya wiki tatu Rawda alikuwa wa kwanza kila mahali, kwenye kile kisanduku cha juu ni jina la Mbaraka, na mimi nimefutika. Mngetaka niseme nilifurahi. Sikufurahi. Niliangalia ile shela ya zambarau nikasonya, kisha nikaomba dua kwamba ikae pale pale juu mpaka siku ya rufaa.

Rufaa ilisikilizwa, tukaambiwa tungoje. Tukangoja miezi minne. Ilyas alikuwa bado ananipigia Ijumaa, lakini mazungumzo yalikuwa mafupi: hujambo, sijambo, watoto hawajambo. Nilimwomba radhi mara nyingi, na kila mara alisema yameisha. Sauti yake haikusema hivyo.

Alhamisi moja asubuhi simu ikalia, nikaruka nikidhani ni yeye. Ni Rawda. Alikuwa analia, hasikiki.

"Rawda! Kuna nini?"

"Amekubaliwa! Da Shamsa, Ilyas amekubaliwa! Wamempa karatasi zake!"

Nilianguka sakafuni kusujudu, simu ingali mkononi. Alhamdulillah, alhamdulillah, sikuweza kusema lingine. Nilipopata pumzi nikamuuliza, "Umejuaje?"

"Amenipigia sasa hivi, ametoka tu kwa wakili. Amesema..." Alikuwa amegundua alichokisema. "Nadhani anakupigia na wewe sasa hivi. Wacha nikate, laini yako isiwe na mtu."

Nikatazama simu. Hakuna aliyekuwa amenipigia. Ndugu yangu niliyembeba mgongoni alikuwa amepata uhai wake, na wa kwanza kumwambia alikuwa Rawda. Wivu ulinipanda kama siku ya kwanza, na sikuwa na haki nao hata kidogo. Nikakaa pale pale juu ya mkeka, simu kwenye mapaja, nikangoja zamu yangu.